Gego la chini limebaki mizizi tu: linang'olewaje, na ganzi itashika?

Kibogoyo Mtarajiwa

Wakuu, naomba msaada wa wenye taaluma. Ni gego kubwa la kwanza la chini, upande wa kushoto. Limeoza mpaka kichwa kimemeguka usawa wa fizi. Shavu lilivimba, nikatumia amoksilini na metronidazo siku 5, uvimbe ukashuka, ila nikipagonga bado panauma. Eksirei inaonyesha mizizi miwili, wa nyuma umepinda nchani. Nimepangiwa kung'oa wiki hii.

Ninachotaka kujua: koleo litashika wapi ikiwa kichwa hakipo? Ni kweli jino lenye usaha halikubali ganzi? Natumia aspirini miligramu 75 kila siku kwa ajili ya moyo, pamoja na amlodipini ya presha, je, niziache siku ngapi kabla? Na baada ya kung'oa, nitatofautishaje maumivu ya kawaida na donda lililoharibika? Maneno ya "usiogope" ninayo ya kutosha, nipeni utaratibu.

Koleo na Nyenzo

Naanza na dawa, maana hapo ndipo watu wengi hujiponza kabla hata hawajafika kwenye kiti.

Aspirini ya 75 usiiache. Ikishazibana chembe zinazogandisha damu, huzibana kwa uhai wote wa chembe hizo, yaani siku 7 hadi 10, kwa hiyo kuruka dozi mbili tatu hakubadilishi chochote kwenye fizi. Damu ya shimo la jino inazuilika kwa kung'ata gozi, kile kitambaa cheupe cha hospitali, kwa kushona, au kwa kipande cha sponji ya jelatini kinachoachwa ndani ya shimo. Damu ikiganda kwenye mshipa wa moyo kwa sababu umeacha dawa, hakuna gozi litakalokusaidia. Wanaotumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, nao hawaachi kiholela: hupimwa INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ndani ya saa 24 kabla, na ikiwa chini ya 4 jino la kawaida hung'olewa. Amlodipini imeze asubuhi kama kawaida yako. Presha ikisoma zaidi ya 180 kwa 110, daktari mwenye busara ataahirisha, isipokuwa iwe dharura. Kula kabla ya kwenda. Ganzi ya sindano haihitaji kufunga, na aliyekaa na njaa ndiye huzimia kwenye kiti.

Sasa ganzi. Kinachotumika sana ni lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini, kwenye katriji, yaani vichupa vya sindano, za mililita 1.8 au 2.2. Adrenalini hubana mishipa midogo ili dawa isisombwe haraka na damu isitoke nyingi. Kwa mwenye moyo kama wewe kawaida adrenalini haizidishwi miligramu 0.04 kwa kikao, sawa na katriji 2 hivi za mililita 1.8 zenye adrenalini 1 kwa 100,000. Mtajie daktari ugonjwa wako kabla hajachukua sindano. Usingoje aulize.

Mfupa wa taya la juu una vitundu, dawa ikidungwa pembeni ya jino hupenya yenyewe. Mfupa wa chini kwenye magego ya mtu mzima ni mgumu, haupenyezi. Ndiyo maana kwa gego lako sindano itaingia nyuma kabisa mdomoni, upande wa ndani wa taya, pale neva inapozama mfupani. Subiri dakika 5 kwa uchache, wengine huhitaji 10 hadi 15. Dalili ya kwamba imeshika ni nusu ya mdomo wa chini kufa ganzi mpaka katikati ya kidevu. Ulimi pekee ukifa ganzi huku mdomo unausikia, sindano imeikosa neva yenyewe, mara nyingi kwa kuchomwa chini mno. Mwambie arudie. Kuna sindano ya pili, ndogo, kwenye fizi ya upande wa shavu, kwa sababu sehemu hiyo ina neva yake nyingine. Ikisahaulika, mtu anaruka pale fizi inapoguswa, kisha inasemwa ganzi imegoma.

Suala la usaha: ni kweli kwa sehemu. Mahali penye uvimbe pana asidi zaidi. Dawa ya ganzi hupenya utando wa neva ikiwa katika umbo lisilo na chaji, na kwenye asidi ni molekuli chache zinazobaki katika umbo hilo. Ongeza kwamba damu nyingi ya pale huisomba dawa haraka, na neva yenyewe imeshachokozeka. Kwa bahati nzuri, sindano yako inadungwa mbali na jino, kwenye nyama safi. Ikipungua nguvu, daktari anaweza kurudia ile ya nyuma, kuongeza ganzi nyingine, artikeini asilimia 4, upande wa shavu, au kudunga kidogo kidogo katika ule upenyo mwembamba kati ya mzizi na mfupa. Hiyo ya mwisho hushika karibu papo hapo, ingawa haidumu sana.

Kabla ya kuanza achokoe fizi kuzunguka jino zima kwa chombo chenye ncha. Ukisikia mgandamizo ni sawa, kwa kuwa ganzi huua maumivu, haiui hisia ya kusukumwa. Ukisikia kuchomwa, inua mkono. Kuvumilia hakuna faida: ukijikaza, taya linakaza, na kazi inakuwa ngumu kwa wote wawili.

Mpiga Eksirei

Nyongeza fupi. Hakikisheni picha inaonyesha ncha zote mbili za mizizi pamoja na milimita 3 hivi za mfupa chini yake. Picha iliyokata ncha haisaidii kitu kwa mzizi uliopinda. Mfereji wa neva unaoogopwa sana uko karibu zaidi na gego la mwisho. Kwa gego la kwanza kwa kawaida pana nafasi, lakini mwambie akuonyeshe kwenye picha, ni mstari mweusi wenye kingo mbili nyeupe.

Kibogoyo Mtarajiwa

Nimeelewa ya ganzi na aspirini. Bado koleo. Na nasikia ikibidi "kukata jino" ni dalili kwamba daktari ameshindwa?

Koleo na Nyenzo

La hasha. Kwa gego kama lako, kukata ndiyo kazi safi. Anayeng'ang'ania kulitoa zima ndiye wa kuogopa.

Jino halivutwi kama msumari. Limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi fupi za kano pande zote za mzizi. Kazi yenyewe ni kuzikata nyuzi hizo na kutanua shimo kidogo kidogo, kuvuta kunakuja mwisho kabisa na hakutumii nguvu nyingi. Kwanza fizi hutenganishwa na jino kwa kijichuma chembamba. Kisha inaingia eleveta, chuma chenye ncha bapa kama mfereji, kati ya mzizi na mfupa. Inazungushwa taratibu na kushikiliwa hapo sekunde kadhaa ili mfupa utanuke na nyuzi zikatike. Mkono wa pili wa daktari unakuwa umeshika taya lako kwa chini. Asipolishika, kiungo cha taya mbele ya sikio ndicho kinachobeba mzigo wote, na kitauma siku kadhaa.

Kichwa kikiwa hakipo kuna njia mbili. Ya kwanza ni koleo la mizizi, lenye midomo myembamba inayosukumwa chini ya ukingo wa fizi mpaka ishike mzizi wenyewe. Inafaa pale ambapo mzizi haujawa laini kwa kuoza. Ya pili, ambayo ningeitegemea kwako, ni kutoa mizizi mmoja mmoja: ile miwili unayoiona kwenye eksirei huenda imeshaachana yenyewe. Kama bado imeungana, mashine ya kuchonga hupitishwa katikati, pale mizizi inapoachana, huku maji ya chumvi safi yakimwagika kupoza. Kupoza ni lazima: mfupa ukikaa kwenye joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa. Mizizi ikishatengana, kila mmoja hutolewa kwa kufuata mpindo wake. Ikitolewa kwa pamoja, mmoja unataka kwenda huku na mwingine kule, na ndipo ncha inapokatika.

Mzizi uliopinda hauzungushwi. Kuzungusha ni kwa meno yenye mzizi mmoja wa mviringo kama ya mbele ya juu. Gego la chini husukumwa upande wa shavu na upande wa ulimi, polepole, kila mara likishikiliwa kidogo kabla ya kurudishwa. Ncha ikikatika, akiiona ataitoa kwa chombo chembamba, au atafungua fizi kidogo na kushona baadaye. Wakati mwingine kipande kisichofikia milimita 3, kilichozama sana na kisicho na maambukizi, huachwa kwa makusudi, mgonjwa akielezwa na ikaandikwa kwenye faili. Kwako mizizi ina historia ya usaha, kwa hiyo kiachwe pale tu ambapo kukifuata kuna hatari kubwa kuliko kukiacha.

Mwombe uone mizizi ikishatoka. Ncha nzima ni laini na imechongoka au kufumbana kwa mviringo. Iliyokatika ina uso bapa wenye kingo kali, na katikati utaona nukta ya mfereji. Kisha anakwangua zile nyama laini nyekundu zilizokuwa kwenye ncha kwa sababu ya maambukizi, anaminya kingo za shimo kwa vidole, na kwa kuwa unatumia aspirini, uzi mmoja au miwili ni jambo la busara hata kama damu inaonekana imekata.

Muuguzi wa Zamu

Nipokee kuanzia hapo, kwa sababu malalamiko mengi baada ya kung'oa hutokana na saa 24 za kwanza nyumbani.

Gozi likunjwe liwe nene na likae juu ya shimo lenyewe. Kosa linaloonekana sana ni gozi kukaa juu ya meno jirani. Mtu anang'ata kwa nguvu zote na shimo haliguswi. Ng'ata dakika 30 mfululizo, bila kufungua kuangalia kila baada ya dakika 5, kwa kuwa ukilitoa gozi unalibandua donge la damu ambalo ndiyo kwanza linaanza kushika. Likitoka bado linalowa damu nyekundu, weka jipya lililoloweshwa kidogo kwa maji safi, ng'ata tena dakika 30. Pamba ya kawaida haifai, huacha nyuzi ndani.

Mate yenye rangi ya waridi mpaka kesho yake ni kawaida. Tone moja la damu hupaka mate mengi rangi, watu wakiyaona wanadhani wanakwisha. Damu inayohitaji daktari ni ile inayojaza mdomo upya baada ya kung'ata gozi vizuri mara mbili.

Usiteme. Meza mate, au yaache yadondoke yenyewe. Kutema kwa nguvu, kunywa kwa mrija, kuvuta sigara na kusukutua siku ya kwanza vyote vinafanya kosa lilelile la kung'oa donge. Sigara ina ubaya wa pili wa kubana mishipa ya damu, kwa hiyo saa 72 bila moshi ni kiwango cha chini. Lala na mito miwili. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kwenye shavu na dakika 15 bila, siku ya kwanza tu. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Usile mpaka ganzi iishe, saa 3 hadi 5 kwa sindano ya nyuma, maana utautafuna mdomo wako bila kujua.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha. Paracetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kama ini halina tatizo. Wengi huongezewa ibuprofeni miligramu 400, na kweli hivyo viwili kwa pamoja hufanya kazi nzuri sana. Lakini wewe una aspirini ya moyo: ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake, na kwa mgonjwa wa moyo ina hatari zake yenyewe. Usiinunue kwa uamuzi wako.

Mti Mkavu

Mnamzungusha bure. Akitoka tu asukutue maji ya moto ya chumvi, chumvi inaua wadudu, kisha asindilie unga wa karafuu kwenye shimo. Kwisha kazi.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu yangu, chumvi ni nzuri, ila ina saa yake. Siku ya kwanza maji ya moto hufungua mishipa na kuliyeyusha donge. Baada ya saa 24 ndiyo anaanza: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya mililita 250 ya maji ya uvuguvugu, mara 4 kwa siku hasa baada ya kula, kwa wiki moja. Hata hapo asisukutue kwa nguvu. Ainamishe kichwa upande huo, maji yakae, kisha ayaachie yamwagike. Meno mengine apige mswaki usiku uleule wa kwanza, akilikwepa shimo tu.

Unga wa karafuu ni uchafu unaobaki ndani, na mafuta yake makali huunguza nyama. Dawa yenye asili ya karafuu ambayo daktari huweka ni kitu kingine, na huwekwa kwa sababu maalumu tu, nayo ni shimo kavu.

Hapo ndipo lilipo swali lako la mwisho, Kibogoyo. Maumivu ya kawaida huwa makali siku ya kwanza na ya pili, kisha kila siku yanapungua. Shimo kavu lina mwenendo wa kinyume: unaona nafuu, halafu siku ya 2 hadi ya 4 maumivu yanarudi kwa nguvu, yanapanda sikioni na kwenye panda la uso, paracetamoli haisikii, na mdomo unatoa harufu mbaya. Ukiangalia kwa kioo na tochi, shimo ni tupu, unaona mfupa wa kijivu au mweupe mkavu, hata hewa ikigusa panauma. Donge limeyeyuka kabla ya wakati. Magego ya chini hupatwa zaidi, na wavutaji sigara, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na wale ambao kung'oa kulikuwa kwa shida.

Tiba yake ni kuosha shimo kwa maji ya chumvi safi ya uvuguvugu na kuweka dawa ya kutuliza, ikibadilishwa kila siku moja au mbili mpaka maumivu yakate. Antibayotiki haina kazi hapo ikiwa hakuna usaha, homa wala uvimbe unaoongezeka. Wengi wanakunywa kopo zima bure.

Na msichanganye na utando laini mweupe wa manjano unaofunika shimo kuanzia siku ya pili. Huo si usaha. Ni kovu changa, ukiukwangua kwa kijiti umejirudisha nyuma.

Kibogoyo Mtarajiwa

Hapo kwenye antibayotiki: niliambiwa niombe dozi nyingine ya kumalizia baada ya kung'oa. Na pengo nikiliacha hivyo hivyo kuna ubaya?

Koleo na Nyenzo

Chanzo cha maambukizi ni jino. Likishatoka na shimo likasafishwa, mwili humaliza wenyewe, dozi ya pili haina sababu ikiwa huna homa wala uvimbe. Wenye vali bandia ya moyo ni habari nyingine, wao hupewa amoksilini gramu 2 dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa, mara moja tu. Umesema "moyo" bila kusema ni tatizo gani. Kama una vali bandia au uliwahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, piga simu kliniki leo, usingoje siku yenyewe. Vilevile taja kama umewahi kupewa dawa za mifupa kama alendroneti au zoledroneti, au mionzi ya kichwa na shingo, kwa sababu mfupa wa taya la mtu huyo unaweza kukataa kupona.

Pengo: fizi hufunga ndani ya wiki 3 hadi 4 kwa gego, mfupa hujaa miezi 3 hadi 6. Ukiliacha, gego la nyuma huinamia mbele polepole na la juu hushuka kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye. Haitokei kwa kila mtu wala kwa kasi moja, lakini ikishatokea nafasi ya kuweka jino bandia inakuwa finyu. Mfupa nao hupungua upana, sehemu kubwa katika mwaka wa kwanza. Kama unafikiria jino la kupandikizwa, liseme kabla ya kung'oa, maana daktari atajali zaidi kuhifadhi ukuta wa mfupa wa upande wa shavu, ambao ni mwembamba na hupotea kwanza.

Muuguzi wa Zamu

Mengine madogo. Taya likikaza usiweze kufungua mdomo vizuri kwa siku kadhaa, mara nyingi ni msuli uliochomwa na ile sindano ya nyuma. Baada ya saa 24 weka kitambaa cha uvuguvugu, na ujinyooshe kufungua taratibu mara kadhaa kwa siku. Kijipande kikali kikichomoza kwenye fizi baada ya wiki mbili tatu, kwa kawaida ni kipande cha mfupa kinachotoka chenyewe, nenda kitolewe kama kinachoma ulimi. Mdomo ukibaki na ganzi mpaka kesho yake, toa taarifa.

Usichongoja hata saa moja: uvimbe chini ya ulimi au chini ya taya pande zote mbili, ulimi kuinuka, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, au pumzi kuwa nzito. Hiyo ni hospitali kubwa moja kwa moja, hata usiku wa manane.

Nyuzi za hariri hutolewa siku ya 7. Zile zinazoyeyuka huanguka zenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne, uliza umewekewa ipi kabla hujashuka kwenye kiti.